Picha ya Treni Ipimwe kwa Jicho la Nani?

  Mazungumzo ya leo ni ya watu wanaopenda treni, hasa wale wanaozipiga picha kisha wakakaa kuchambuana: hii safi, ile mbovu, huyu anajua, yule anabahatisha.

Najua kuna anayeuliza, hapa Bariadi mkoani Simiyu na treni wapi na wapi? Ni kweli, mjini Bariadi hakuna reli. Anayetaka kusikia honi ya treni bila kuvuka mpaka wa mkoa sharti apande gari mpaka Maswa, halafu Malampaka. Pale ndipo reli ya Tabora hadi Mwanza inapopita kwetu, na imepita tangu 1928, mkoa wenyewe haujafikiriwa. Simiyu tumezaliwa juzi, 2012, tukamegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Pamba ya wazee wetu imesafiri sana kwa njia ile. Na sasa katika ukanda huohuo inajengwa reli ya kisasa, SGR, kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 ukijumlisha na njia za kupishania. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Juni 2021 kule Fela, Misungwi.

Basi vijana wenye simu nzuri, na wachache wenye kamera, wamepata shughuli. Wanakwenda Malampaka, wanarudi na picha, na picha zikishawekwa hadharani ubishi unaanza. Mimi nimeufuatilia ubishi huo kwa hamu, na leo nataka kusema jambo moja: tumeazima mizani ya wenzetu kupimia picha za reli yetu, na mizani hiyo inatufanya tufute picha ambazo tungepaswa kuzitunza.

Tuanze na mizani yenyewe. Wapenda treni duniani wana kanuni zao, tena kali. Ya kwanza ni jua: liwe nyuma ya mpigapicha, liangaze uso wa kichwa cha treni pamoja na ubavu wake. Ya pili, nguzo isisimame mbele ya kichwa, wala isionekane imeota juu ya paa. Ya tatu, mkia usikatwe. Kama treni ina mabehewa ishirini, yaonekane ishirini. Ya nne, magurudumu yaonekane, yasizame kwenye majani. Ya tano, upeo wa macho ulale sawa, maana treni inayoonekana inapanda mlima mahali ambapo ni mbuga tupu inamfedhehesha mpigapicha.

Kanuni hizi zina umri. Uingereza walikuwa na chama cha wapigapicha wa reli tangu 1922, kilichoanzishwa na Maurice Earley wa mji wa Reading. Wanachama walitumiana picha kwa posta, kila mmoja akaandika maoni yake kabla ya kumpelekea mwingine. Fikiria subira hiyo: umepiga picha leo, hukumu inakurudia baada ya wiki nyingi, tena kwa mwandiko wa mtu. Miongoni mwa waliobobea alikuwemo mpaka askofu. Eric Treacy, aliyekuwa Askofu wa Wakefield, alijulikana kwa picha zake za treni za mvuke kama alivyojulikana kwa mahubiri, na mwaka 1978 alianguka na kufariki katika stesheni ya Appleby alikokwenda kuiona treni ya mvuke. Watu wa namna hiyo hawakuwa wakitania.

Siwadharau hata kidogo. Kanuni zao zimewafundisha wengi kushika kamera. Lakini ichukue ile ya kwanza, ya jua, uende nayo Malampaka, uone itakavyokuchezea.

Kule Uingereza jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Mpigapicha akishajua reli inaelekea wapi, amejua na mahali pa kusimama, Januari hadi Desemba. Malampaka iko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, na huku jua linahama. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba linapita kaskazini yetu. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linapita kusini. Reli nayo, ukiacha kona zake, kwa ujumla inatoka kusini kwenda kaskazini. Kwa hiyo Juni na Julai, pamba ikiwa sokoni, treni inayokwenda Mwanza ndiyo inayopata jua usoni. Inayorudi Tabora uso wake uko kivulini, hata ungesimama juu ya mti. Ikifika Desemba mambo yanageuka: ya Tabora inang'aa, ya Mwanza imefifia.

Ongeza na saa. Kuanzia saa tano mpaka saa nane mchana jua liko juu mno. Paa la kichwa linawaka, magurudumu yote yamemezwa na kivuli. Mwanga mzuri ni wa alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, kisha baada ya saa kumi jioni. Na treni ya mizigo haipangi safari kwa kufuata mwanga. Inapita inapopita. Halafu kuna vumbi la kiangazi linalofanya kila kitu kiwe rangi ya kahawia, na kuna majani ya masika yanayofika kiunoni. Kijana aliyesimama palepale, akapiga treni ya Tabora mwezi wa Julai, analetewa hukumu: "Uso mweusi, futa." Aliyehukumu hakuuliza mwezi, hakuuliza treni ilikuwa inaelekea wapi. Ameshika kanuni ya Reading mkononi, anapima nayo Maswa.

Sasa nikusimulie hukumu niliyoishuhudia mwenyewe, kijiweni, hapa hapa Bariadi. Vijana wawili walikwenda Malampaka siku moja, wakapiga treni moja ya mizigo, kila mtu na picha yake. Ya kwanza ilikuwa ya karibu: kichwa kimejaa fremu nzima, rangi zimekolezwa, anga limekuwa la samawati ambayo Simiyu haijawahi kuiona. Ya pili ilipigwa kwa mbali. Treni yote ndani, vumbi kiasi, mtoto na ng'ombe wake wamesimama wakisubiri, majengo ya stesheni pembeni. Simu zilizunguka mezani, na wote tuliokuwa pale tukaipa ushindi ile ya kwanza.

Akaja mzee mmoja mstaafu wa reli, akaamkiwa, akaagiza chai yake. Vijana wakamwomba na yeye aamue. Hakuangalia vichwa vya treni hata kimoja. Aliichukua ile picha ya pili, akaivuta kwa vidole viwili ikakua, akaisogeza taratibu kutoka behewa hadi behewa mpaka la mwisho. Akatulia hapo. Akasema, "Hii imefika yote. Taa ya mkia ninaiona." Kisha akamgeukia wa kwanza: "Yako, mwanangu, imeishia wapi?"

Tukamwomba afafanue. Akaeleza kwamba mtu wa stesheni treni inapopita hatazami uso. Anatazama mkia. Akiiona taa ya nyuma, anajua hakuna behewa lililokatika na kubaki njiani, kwa hiyo njia iko wazi na treni nyingine inaweza kuruhusiwa. Asipoiona, hakuna anayeruhusiwa kuingia mpaka ijulikane kilichobaki huko nyuma. Yaani ile kanuni ya wapenda treni ya kutokata mkia, ambayo wengi wetu tunadhani ni ya urembo, kwa mwana-reli ni suala la roho za watu.

Akaendelea kuisoma picha. Mataruma ya chuma. Kokoto zimepungua hapa, genge la matengenezo lina kazi. Kisha akauliza swali lililomnyamazisha mpigapicha: "Mbona hamkusubiri ya pili?" Ya pili ipi, mzee? "Hii mmeipiga imesimama kwenye njia ya kupishania. Treni haiingizwi pale bila sababu. Ilikuwa inapisha nyingine." Vijana wakatazamana. Walikuwa wamepiga picha zao na kuwahi gari la Maswa. Treni mbili zikikutana Malampaka ndiyo picha ambayo kila mpenda treni anaiota, na wao waliipa mgongo kwa kutojua kusoma walichokuwa wamekinasa.

Mzee hakutangaza mshindi. Alisema tu, "Hii ya pili nitumie na mimi."

Msikilizaji, mtu huyo hajui lenzi wala hajui kuhariri picha. Lakini alichokifanya pale ndicho ninachokiita kuhukumu. Aliiuliza picha maswali na picha ikamjibu. Ile ya kwanza, pamoja na anga lake zuri, haikuwa na la kumjibu.

Kwetu sisi Wasukuma hukumu za namna mbili si jambo geni. Tuna Wagika na Wagalu, makundi ya ngoma yanayoshindana tangu enzi za mababu. Ngoma zinachezwa pande mbili za uwanja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Kwa hiyo kila kundi linatafuta mvuto: nyoka, vituko, mizaha, na inasemekana hata dawa. Watu wanakimbilia kwenye nyoka. Ila ukikaa na wazee jioni, watakuambia nani alitunga wimbo mzuri mwaka ule, na pengine siye aliyejaza uwanja. Picha za treni leo zinashindanishwa kwa mtindo huohuo wa kuhesabu watu. Aliyepata vidole gumba vingi kashinda. Sina ugomvi na hilo, uwanja nao una furaha yake. Ninachoomba ni kwamba na ule mkao wa jioni uwepo.

Kwenye mkao huo, swali la kwanza liwe la ukweli. Marekani alikuwepo mpigapicha aitwaye O. Winston Link. Kati ya 1955 na 1960 alizifuata treni za mvuke za kampuni ya Norfolk and Western usiku, akizimulika kwa balbu nyingi zinazowaka kwa mpigo mmoja. Picha yake maarufu kuliko zote ni ya 1956, huko West Virginia: vijana wawili ndani ya gari la wazi wanatazama sinema ya uwanjani, kwenye skrini kuna ndege ya kivita, na nyuma treni inapita imefuka moshi mweupe. Picha ya ajabu. Lakini mwanga wa zile balbu ulikuwa mkali, ukaifuta picha iliyokuwa kwenye skrini. Ile ndege Link aliiongeza baadaye alipokuwa anaisafisha picha. Wapo wanaosema hilo halidhuru kitu, treni ni ya kweli na usiku ni wa kweli. Wapo wanaosema kitu kilichopachikwa ni kilichopachikwa. Mimi nasema, kinachotuwezesha kubishana leo ni kwamba habari hiyo inajulikana. Kijana wa Bariadi ambaye simu yake inafuta nguzo kwa kidole kimoja na afute, mradi aseme amefuta. Mhakiki naye aulize kabla hajasifu.

Swali la pili liwe: picha inatuambia nini? Hapa kitu kidogo kinaweza kuwa na uzito mkubwa. Chukua namba iliyoandikwa kwenye kichwa cha treni. Tarakimu mbili za mwanzo zinataja aina yake. Ukiona 88, hicho ni kizazi kilichotengenezwa Montreal, Canada, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikaanza kuletwa enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Ukiona 73, hicho asili yake ni India. Picha yenye ukungu ambayo namba inasomeka inaweza kusimulia nusu karne. Picha safi ambayo namba imekatwa inakuacha unakisia.

Na picha inayotuambia zaidi ni ya treni iliyo kazini, ndiyo maana wajuzi hawazipi uzito mkubwa picha za makumbusho. Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyoanza 1971, yana vichwa viwili vikubwa vya mvuke vyenye majina ya milima ya kwetu Tanzania: Mount Gelai na Mount Shengena. Vinapendeza. Lakini kichwa kilichoegeshwa kinakusubiri, unaweza kukirudia kesho na keshokutwa. Treni iliyo kazini haikusubiri, na ikishapita na saa yake imepita.

Swali la tatu, nani yumo? Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi katika nchi hii enzi za utawala wa Ujerumani, wakati Reli ya Kati ikijengwa, na leo picha zake zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani. Tunapozitazama picha za zama zile hakuna kati yetu anayeuliza jua lilikaa wapi. Tunatafuta watu. Vibarua wale ni akina nani, walitoka kijiji gani? Mara nyingi maelezo yanataja daraja, yanataja stesheni, mtu hatajwi. Sasa na sisi tukipiga Malampaka, mama anayeuza karanga dirishani, mshika bendera, yule mtoto na ng'ombe wake, tukiwaita takataka zilizoharibu fremu tutakuwa tumerithi macho yaleyale. Muombe mtu ruhusa, muulize jina, liandike.

Swali la uzuri ndilo la mwisho. Silifuti. Picha nzuri inaishi muda mrefu kwa sababu watu wanapenda kuiangalia. Nataka tu likae nyuma ya yale matatu.

Na kuna sababu ya kuharakisha. Ile kanuni ya nguzo inakaribia kufa yenyewe. SGR ni reli ya umeme. Tangu treni zianze safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kisha Dodoma mwezi uliofuata, mmeona picha za Mchongoko, ile treni ya umeme ya SGR: nguzo mbele, nguzo nyuma, nyaya juu. Nguzo zinaifuata reli hatua kwa hatua na hakuna kona ya kuzikwepa. Wahakiki wetu watalazimika kuzizoea, kama wenzao wa nchi zenye treni za umeme walivyozizoea zamani. Na siku treni za umeme zitakapofika Malampaka, kila mtu atageuza kamera upande huo. Reli ya 1928, yenye mataruma ya chuma na njia ya kupishania, itakosa wapigapicha. Picha zake za leo, zenye vumbi, zenye uso mweusi, ndizo wajukuu watakazozitafuta.

Kuna jambo moja ambalo kwalo mhakiki asiwe na huruma kabisa: picha iliyopigwa mtu akiwa amesimama kwenye reli. Treni ya mwendo wa kilomita 160 kwa saa inakula mita 44 kila sekunde. Ukiiona iko mita 400 unadhani una muda. Una sekunde tisa. Nyaya za juu zina volti 25,000, na mtu kuinua fimbo ya simu karibu nazo ni kujitafutia kifo. Huko Japani, ambako wapigapicha wa treni ni wengi kuliko popote ninapopajua, wamefika mahali pa kuzomeana majukwaani kwa sababu mtu kaingia kwenye fremu, na wengine wameingia njiani mpaka treni zikasimamishwa. Tusianze kuiga hayo. Ukiletewa picha ya namna hiyo, iwe na mwanga wa peponi, usiisifu. Sifa ndiyo inayomrudisha kijana relini. Na ukifika stesheni, anza kwa stesheni masta. Jitambulishe, omba ruhusa, simama atakapokuonyesha.

Nimalizie na kazi ya kufanya juma hili. Kama wewe ni mpigapicha, rudi kwenye simu yako kabla hujafuta chochote. Kila picha ya treni iandikie tarehe, mahali, treni ilikuwa inaelekea wapi, namba ya kichwa kama inasomeka, na majina ya watu waliokubali kutajwa. Tunza nakala ya awali, ambayo haijapakwa rangi. Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, maana ukiituma kama picha ya kawaida inapunguzwa na ile taa ya mkia haitaonekana tena.

Na kama nyumbani kuna albamu ya zamani, ya baba aliyefanya kazi reli, ya shangazi aliyesafiri na daraja la tatu kwenda Mwanza, au ya magunia ya pamba yakipakiwa Malampaka, itoe. Geuza picha, andika nyuma yake kwa penseli, siyo kwa kalamu ya wino, maana wino unapenya na kuharibu. Usipomjua mtu aliyemo, muulize mzee aliye karibu nawe leo, wala usingoje sikukuu. Kisha kusanyikeni wawili watatu, mpigapicha mmoja na mtu wa reli mmoja, mzichambue pamoja. Mkibishana, vizuri. Bishaneni juu ya kilichomo ndani ya picha.